Deliriamu Si Kuweweseka Tu

Tuseme bibi wa miaka 78 amelazwa kwa nimonia. Usiku wa pili anamshika mjukuu wake mkono: "Nenda kafunge mbuzi, mvua inakuja." Anapoambiwa hapa ni hospitali anakuja juu, anataka kuchomoa dripu. Asubuhi anaitikia shikamoo vizuri na kuulizia shamba. Adhuhuri yuko kimya, macho yanaangalia dari, uji umeota utando kikombeni. "Leo bibi ametulia," wanasema wodini. Hajatulia. Bibi wa usiku na bibi wa adhuhuri wana tatizo lile lile, ambalo madaktari huliita deliriamu.

Asili ya neno ni Kilatini: mkulima ameacha mfuo wa jembe lake, analima pembeni. Sisi tunayo maneno yetu. Kuweweseka husemwa kwa anayesema ovyo usingizini au katika homa kali. Kupayuka ni kuropoka. Yote mawili yanasikiliza mdomo, kwa hiyo yanamnasa bibi wa usiku na kumwacha bibi wa adhuhuri. Na huyo mkimya ndiye anayepitwa mara nyingi, kwa kuwa hasumbui mtu. Kuchanganyikiwa nako ni kupana mno: amechanganyikiwa aliyeibiwa pochi sokoni, amechanganyikiwa pia mwenye kichaa.

Mimi nachagua mvurugiko wa fahamu. Fahamu tumezizoea: mtu huzipoteza, kisha zikamrudia. Mvurugiko tumeuzoea katika homoni. Tena maji ya mtungini yakivurugwa huchafuka papo hapo, na aghalabu hutulia. Hapo ndipo deliriamu inapoachana na dimenshia, inayonyemelea kwa miezi na miaka. Deliriamu huja kwa saa au siku chache, na chanzo chake kikitibiwa, iwe maambukizi, upungufu wa maji au dawa, wengi hurejea, ingawa wengine huchukua wiki au miezi.

Mwaka 1990 Dkt. Sharon Inouye na wenzake nchini Marekani walichapisha kipimo cha alama nne: hali iliyoanza ghafla na inayopanda na kushuka; kushindwa kukaza mawazo; maneno yasiyoshikana; na uchangamfu uliobadilika, ama usingizi mzito ama mahangaiko. Mbili za kwanza ni lazima ziwepo, pamoja na mojawapo ya zilizobaki. Kukaza mawazo kunapimwa kirahisi: mwombe mzee ataje siku za juma kinyumenyume. Ijumaa, Alhamisi, Jumatano... Mwenye mvurugiko hukwama njiani, au husahau alichoombwa.

Kuzuia je? Mwaka 1999 Inouye na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi, huko New Haven. Waliopata uangalizi maalumu, asilimia 9.9 walipatwa na deliriamu. Waliohudumiwa kama kawaida, asilimia 15. Uangalizi wenyewe haukuwa dawa mpya. Mgonjwa alikumbushwa siku na mahali alipo, alitembezwa, alivishwa miwani yake, alisaidiwa kusikia, alinyweshwa maji. Usiku alipewa kinywaji cha moto na kusuguliwa mgongo, badala ya kidonge cha usingizi.

Orodha hiyo kwa Kiswahili ina neno moja: kuuguza. Muuguzi ameajiriwa, lakini muuguzaji ni binti, mjukuu au mke mwenza anayefika na chupa ya chai. Huko New Haven kazi hiyo ilifanywa pia na watu wa kujitolea waliofunzwa. Kwetu jamaa wapo, ila mara nyingi husimamishwa getini mpaka saa ya kuona wagonjwa, na wanapoingia hakuna anayewaeleza cha kufanya zaidi ya kulisha.

Basi ukienda kumuuguza mzee, beba miwani yake pamoja na uji. Mwambie leo ni siku gani na yuko wapi. Mketishe, mtembeze daktari akiruhusu. Usimpe kwa siri valiamu wala vidonge vya mzio kama Piriton ili alale. Kwa wazee, dawa hizo zenyewe huweza kuvuruga fahamu. Na ukimkuta amebadilika, hata kama amekuwa mpole kuliko kawaida, usikubali kuambiwa ni uzee. Mwite muuguzi umwambie maneno matatu: "Jana hakuwa hivi."