Sanda, Viazi na Moto wa Serikali

Ukiifuata njia ya hadithi fupi za Kihindi na Kiurdu kurudi nyuma, utafika Lamhi, kijiji karibu na Banaras, India, alikozaliwa Dhanpat Rai mwaka 1880. Alikuwa mkaguzi wa shule chini ya Waingereza, na aliandika Kiurdu kwa jina la Nawab Rai. Kitabu chake cha 1908, Soz-e-Watan, kilimponza. Mkuu wa wilaya ya Hamirpur alimwita akamkaripia, na nakala zilizobaki zikachomwa moto. Akajiita Premchand, akaendelea kuandika.

Kusema kweli, kitabu chenyewe hakikuwa na makali. Katika hadithi yake moja, kito cha thamani kuliko vyote duniani ni tone la mwisho la damu limwagwalo kwa ajili ya nchi. Ni uzalendo wa kupambwa. Makali yenyewe yalikuja mwishoni mwa 1935, Premchand alipotoa hadithi ya Kafan, yaani sanda, na hakuna afisa aliyemwita.

Ni usiku wa baridi kali. Ghisu na mwanawe Madhav, watu wa tabaka la Chamar lililohesabiwa najisi, wameketi mlangoni mwa kibanda wakichoma viazi walivyoiba shambani mwa mtu. Ndani, Budhiya, mke wa Madhav, anagaagaa kwa uchungu wa uzazi. Madhav haingii kumtazama: akiinuka tu, baba atamaliza viazi. Wanavimeza vya moto hadi machozi yanawatoka. Asubuhi Budhiya amekufa. Wanazunguka wakilia, wanachangiwa rupia tano za sanda, wanakwenda sokoni, na jioni inawakuta kwenye kilabu cha pombe, na sahani ya puri mbele yao. Sanda si itaungua na maiti? Na hao waliochanga, watachanga tena.

Msimulizi hawalaani. Anasema pale ambapo mtu wa kujituma usiku na mchana hapati nafuu kumzidi mvivu, Ghisu ana akili kuliko wakulima wengi. Kwangu mimi sentensi hiyo ina sumu kuliko Soz-e-Watan nzima.

Waandishi wa Kidalit, yaani wa matabaka hayo yaliyohesabiwa najisi, akiwemo Omprakash Valmiki, wameilaumu hadithi hii: kwa nini wavivu hao wawe Chamar? Lawama hiyo ina uzito. Nami naongeza yangu: Budhiya, aliyewalisha wote wawili kwa kusaga nafaka na kukata majani, hapewi neno hata moja. Tunasikia mayowe yake tu.

Neno hilo mwanamke alikuwa ameshapewa mjini Lucknow mwaka 1932, katika mkusanyo wa Angaaray, maana yake makaa ya moto. Humo daktari Rashid Jahan anamleta mke aliyepelekwa Delhi na mumewe kutembea. Mume anamkalisha stesheni juu ya mizigo, ndani ya buibui lake, kisha anatokomea na rafiki. Anarudi baada ya muda mrefu, ameshakula. Mke anataka kurudi nyumbani, na huko anawasimulia wanawake wenzake yote. Machi 1933 serikali ikakipiga kitabu marufuku.

Aprili 1936, Lucknow hiyohiyo, vijana wa Angaaray wakiwa miongoni mwa waandaaji, Premchand aliongoza mkutano wa kwanza wa Chama cha Waandishi wa Maendeleo. Aliwaambia kipimo cha uzuri hakina budi kibadilishwe. Oktoba akafariki.