Kisu kilitangulia, dawa ikachelewa

Daktari wa upasuaji Thomas Starzl alianza kwa msiba. Machi 1, 1963, huko Denver, Marekani, alimpasua mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa na hitilafu ya mifereji ya nyongo ili ampe ini jingine. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, na la mtoto yule lilikuwa limekwisha. Damu haikukatika; akafia mezani. Wengine waliofanyiwa upasuaji huo mwaka ule hawakumaliza hata mwezi, na Starzl akasimamisha kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu.

Alirudi mwaka 1967. Mtoto mdogo aliyekuwa na saratani ya ini akaishi zaidi ya mwaka mmoja kabla saratani yenyewe, iliyomrudia, haijamuua. Mwaka uliofuata mpasuaji mwenzake, Roy Calne, akaanza upandikizaji kama huo Cambridge, Uingereza.

Mikono ya wapasuaji, basi, ilikwisha kuiweza kazi. Kilichowashinda ni kinga ya mwili, ambayo hulitambua ini la mtu mwingine kuwa mgeni na kulishambulia. Ukiituliza kwa dozi kubwa za steroidi, maambukizi yanaingia. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wengi hawakufikisha mwaka.

Ufumbuzi ulitoka udongoni. Kuvu waliochukuliwa nyanda za juu za Hardangervidda, Norway, walifikishwa kwenye maabara za kampuni ya Sandoz, Basel, na humo ikapatikana saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga. Calne aliijaribu kwa wagonjwa wa figo mwaka 1978. Starzl akaichanganya na steroidi, na idadi ya wanaovuka mwaka wa kwanza ikapanda mno. Mwaka 1983 jopo la wataalamu nchini Marekani likatamka kwamba upandikizaji wa ini ni tiba, si jaribio tena. Kwangu mimi, kuvu wale wanastahili sifa sawa na kisu cha Starzl.

Mwaka 1989, Brisbane, Australia, Russell Strong alikata kipande cha ini la mama na kumpandikizia mwanawe, na mtoto akapona. Ini hukua tena, la mtoaji na la mpokeaji.

Na baada ya hapo? Mchoraji wa Scotland, John Bellany, alipandikizwa ini na Calne mwaka 1988. Alipozinduka aliomba karatasi na rangi, akaanza kujichora angali kitandani, kisha akamfundisha daktari wake uchoraji. Aliishi miaka 25 zaidi.

Lakini miaka hiyo ina masharti. Vidonge vya kutuliza kinga humezwa kila siku kwa saa zilezile, kwa kawaida maisha yote. Damu hupimwa mara kwa mara, kwa sababu dawa hizo zinaweza kudhuru figo, kupandisha shinikizo la damu na kuleta kisukari. Balungi huvuruga kiwango cha dawa mwilini; mitishamba nayo haitumiwi bila kumwuliza daktari.

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufuata upasuaji huu India, mara nyingi wakifuatana na ndugu wa kuwachangia ini, baada ya harambee ya ukoo mzima. Basi mnapochanga, msiishie kwenye nauli na gharama za hospitali. Ulizeni kwanza vidonge vya kila mwezi vitanunuliwa wapi, kwa bei gani, na nani atavilipia.