Kitu cha kuchezea chaweza kumfunza mtoto sayansi

WAZAZI wengi huamini kwamba kadiri kitu cha kuchezea kinavyong'aa, kulia na kutembea chenyewe, ndivyo kinavyomnoa mtoto akili. La hasha! Kitu kinachofanya kila kazi chenyewe humwacha mtoto akiwa mtazamaji tu. Kinachofaa ni kile kisichokwenda mpaka mtoto afikiri.

Fikra hii ilienezwa na Seymour Papert, mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka wa 1928. Mnamo 1967, akishirikiana na Cynthia Solomon na Wally Feurzeig nchini Marekani, alibuni Logo, lugha ya tarakilishi iliyokusudiwa watoto. Baadaye lugha hiyo ilitumiwa kuongoza roboti ndogo iliyoitwa kobe, ambayo ilitambaa sakafuni ikichora mistari kwa kalamu.

Mtoto akitaka kuchora mraba, humwamuru kobe aende mbele kisha ageuke nyuzi 90, mara nne. Akitaka pembetatu yenye pande sawa, huenda akajaribu nyuzi 60, na mchoro ukakataa kufunga. Papert alipendekeza mtoto ainuke atembee mwenyewe kama kobe. Ndipo hung'amua kwamba anayezunguka umbo na kurejea alipoanzia huwa amegeuka nyuzi 360. Hivyo basi, kila kona ya pembetatu yahitaji 120. Hapa kosa si aibu bali ni mwanzo wa uchunguzi.

Miongoni mwa warithi wa kobe huyo ni ScratchJr, programu isiyolipiwa iliyotolewa mwaka wa 2014 kwa watoto wa miaka mitano hadi saba. Mtoto hupanga vipande vya picha ili kuamrisha wahusika wa hadithi yake.

Hata hivyo, mzazi asiyemudu vifaa hivyo asife moyo. Chora miraba sakafuni kwa chaki, kata kadi za mishale, kisha mtoto mmoja awe roboti naye mwenzake ampangie safari. Gari la waya lenye magurudumu ya ndara kuukuu nalo ni somo la uhandisi: mtoto hujionea kwa nini gurudumu lisilo duara hudunda.

Aidha, tahadhari ni muhimu. Mnamo 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Isitoshe, betri bapa mfano wa kifungo ikimezwa yaweza kuunguza umio kwa muda wa saa mbili tu. Hakikisha kifuniko chake kimekazwa kwa skrubu, na mtoto akiimeza, mkimbize hospitalini mara moja.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anapocheza, usiharakishe kumpa jibu, muulize, "Unadhani itakuwaje?" kisha mwache ajaribu.