Pikapu ya kuvuta tela refu: mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Mwezi uliopita kikundi kimoja cha wakulima kilitutumia ujumbe hapa studio. Wamechanga fedha za kununua pikapu iliyotumika. Tela wanalo tayari, la magurudumu manne na urefu wa mita tano, wamechomelewa na fundi wa mjini. Wanataka kupeleka mahindi sokoni wenyewe, wasimsubiri tena mwenye fuso. Swali lao lilikuwa fupi: gari gani lina nguvu?

Msikilizaji, nguvu ya kuvuta si ya kwanza. Kwanza uliza gari linaweza kubeba kiasi gani, na litasimamaje.

Tuhesabu kwa magunia. Tela tupu tuseme lina kilo 600. Weka magunia 14 ya kilo 100, jumla inakuwa kilo 2,000. Tela lililopangwa vizuri hulalia kiungio cha gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kilo 200 hadi 300. Huo uzito hauvutwi, unabebwa. Ni sawa na kuweka magunia matatu nyuma kabisa ya bodi. Sasa chukua pikapu inayobeba tani moja. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Ongeza zile 300 za kiungio, zinabaki 350 tu. Ukitupia magunia matano kwenye bodi umeshazidisha. Na pikapu za kabini mbili, baadhi hata hiyo tani hazifikishi. Soma kibati kilichopo mlangoni au chini ya boneti, usisikilize maneno ya dalali.

Ukitaka kujua tela lako linalalia kiasi gani, chukua mizani ile ya kupimia magunia. Tela likiwa limepakiwa na limesimama sawa, weka ncha yake juu ya mizani, usome. Hakikisha umezuia magurudumu kwa mawe.

Suala la breki ndilo lililonifanya nimpigie simu mwenyekiti wa kikundi badala ya kumjibu kwa ujumbe. Toyota Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max za miaka ya karibuni, zenye injini kubwa, hutangazwa kuvuta hadi kilo 3,500. Lakini hiyo ni kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki, kiwango ni kilo 750. Nilimuuliza kama tela lao lina breki. Akacheka, akasema breki ziko kwenye gari. Basi tela la kilo 2,000 linaposhuka Kitonga, breki za pikapu peke yake zinazuia mzigo wote. Zikipata moto sana zinakosa kushika, na tela linakuja kusukuma gari kutoka nyuma. Kushuka ni kwa gia ndogo, na gia hiyo uiingize kabla mteremko haujaanza.

Kuhusu injini, wengi wanaipenda Hilux ya zamani yenye injini ya 5L kwa sababu haisumbui na spea zake zipo. Ni kweli, ila ni ya lita 3 bila turbo. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Kwa mtu wa Njombe, iliko karibu mita 2,000, hilo atalisikia kwenye mlima. Land Cruiser ya 1HZ nayo haina turbo, lakini ina lita 4.2 na chesisi nzito. Bei yake ndiyo shida.

Urefu wa tela nao una mambo yake. Tela refu likipigwa na upepo au likipitwa na basi huanza kupiga mkia. Pikapu ambayo magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana sana hutulia zaidi, na kiungio kisitokeze mbali nyuma ya ekseli. Mzigo mzito ukae katikati kuelekea mbele ya tela, kamwe usirundikwe mkiani. Likianza kuyumba, achia mafuta taratibu na ushike usukani moja kwa moja. Usikanyage breki kwa nguvu.

Siku ya kukagua gari, lala chini uangalie. Kiungio kiwe kimefungwa kwenye chesisi kwa bolti, si kwenye bampa. Tafuta nyufa zilizochomelewa na kupakwa rangi, na springi za nyuma zilizolala.

Kikundi kile bado hakijanunua gari. Sehemu ya fedha wameitoa kwanza, na tela limerudi kwa fundi kuwekewa breki.