Foleni Ilienda Wapi? Historia ya Gari la Umeme Linalofika Kabla Hujajiandaa

Haya, leo tuachane na kuandika programu kidogo, tuzungumze kuhusu magari. Usijali, hesabu za tarakilishi zitarudi baada ya aya chache tu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2022 kulitokea jambo la ajabu huko Marekani. Watu walioagiza gari la Tesla, wakijua kwamba gari hilo hungojewa kwa miezi, walianza kupata ujumbe kuwa gari liko tayari, njoo ulichukue. Ungedhani wangeshangilia. La, wengi walitaka gari lenyewe ndilo lingoje, angalau hadi Mwaka Mpya upite.

Sababu yao ilikuwa pesa. Agosti mwaka huo Rais Biden alikuwa ametia saini sheria iliyowapa wanunuzi wa magari ya umeme punguzo la kodi la hadi dola 7,500. Kwa Tesla, punguzo hilo lingeanza tarehe 1 Januari 2023. Chini ya sheria ya zamani kila kampuni ilikuwa na kikomo cha magari 200,000, na Tesla ilikifikia mwaka 2018, hivyo tangu mwanzo wa 2020 wanunuzi wake hawakuwa wakipata hata senti. Hebu fikiria: ukichukua gari tarehe 31 Desemba umekosa dola 7,500 ambazo jirani yako atazipata kesho yake, alimradi bei ya gari na kipato chake vimo ndani ya viwango vya sheria. Tesla ililiona hilo, ikatoa punguzo lake yenyewe la dola 3,750 kwa watakaochukua Model 3 na Model Y kabla ya mwaka kwisha. Kabla ya mwezi kuisha ikalipandisha hadi dola 7,500.

Suala la kodi si langu. Mimi nililonaswa nalo ni lile neno "tayari". Miezi michache tu kabla ya hapo, baadhi ya aina za Model Y zilikuwa zinangojewa nusu mwaka na zaidi. Foleni ile yote ilienda wapi?

Sisi watu wa programu tunaishi na foleni kila siku: foleni ya maombi kwenye seva, foleni ya kazi za kuchapisha, foleni ya barua pepe. Hesabu zake zilianzia kwenye simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, Mdenmaki ambaye kazi yake ilikuwa katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za namna simu zinavyoingia kwenye mitambo (ndiyo, ni yule ambaye lugha ya programu ya Erlang inabeba jina lake). Mwaka 1961 John Little wa Marekani akathibitisha kanuni ambayo ni fupi mno kiasi cha kushangaza. Idadi ya walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda wa kungoja. Ukiigeuza, inakupa makadirio ambayo hata wakala wa M-Pesa anaweza kukufanyia kichwani: kama watu 30 wako mbele yako naye anahudumia wawili kwa dakika, utangoja dakika 15.

Sasa angalia kitu kimoja. Dakika zile 15 zinaweza kushuka hadi 5 kwa njia mbili. Ama wakala ameongeza mikono, ama watu wamepungua. Wewe uliyeko nje unaona dakika tu. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili limetokea mpaka uchungulie ndani.

Mfano mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni Trabant ya Ujerumani Mashariki, iliyotengenezwa mjini Zwickau. Huko mtu aliagiza gari akangoja miaka kumi na zaidi. Foleni yenyewe ilikuwa na thamani kiasi kwamba Trabant iliyotumika iliweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko mpya, kwa sababu iliyotumika ilikuwa pale, unaigusa, unaondoka nayo. (Sisi tuliozoea kuagiza gari lililotumika kutoka Japani na kungoja meli ifike Mombasa tunalielewa hilo vizuri.) Novemba 1989 Ukuta wa Berlin ukafunguka. Julai 1990 watu wa Mashariki wakapata sarafu ya Magharibi mikononi, nao wakakimbilia magari yaliyotumika ya Magharibi. Foleni ya miaka kumi ikayeyuka kwa miezi. Kiwanda hakikuwa kimeongeza kasi hata kidogo; wangojaji ndio walioondoka. Trabant ya mwisho ilitoka Aprili 1991.

Henry Ford naye aliiona pande zote mbili. Mwaka 1913 kiwanda chake cha Highland Park kilianza kutumia mstari wa kuunganishia unaotembea, na kufikia 1914 kazi ya kuunga chesisi ya Model T iliyokuwa ikichukua saa 12 na nusu ilifanywa kwa dakika 93. Hapo wakala alikuwa ameongeza mikono kwelikweli. Lakini uchumi ulipodorora mwishoni mwa 1920, huku Ford akiwa na madeni, alisafirisha magari kwa mawakala wake ambayo hawakuyaagiza, nao walipaswa kulipa yanapofika. Wakakopa benki. Ukiingia kwenye duka la Ford mapema mwaka 1921 ungepata gari siku hiyo hiyo, na ungesema, ah, kweli mstari ule una kasi!

Sasa turudi kwenye umeme. Tarehe 31 Machi 2016 Tesla ilionyesha Model 3 mjini Hawthorne, California. Watu walikuwa wamepanga foleni, foleni ya miguu kabisa, nje ya maduka kuweka dola 1,000 kwa gari ambalo hawajaliona. Ndani ya saa 24 nafasi zilizowekwa zilikuwa kama 180,000, na wiki moja baadaye zikawa kama 325,000. Kampuni hiyo ilikuwa imekabidhi magari kama 50,000 tu mwaka 2015. Piga hesabu ya Little: kwa kasi ile, wa mwisho angengoja miaka sita na nusu.

Tarehe 28 Julai 2017 magari 30 ya kwanza yakakabidhiwa Fremont, katika kiwanda ambacho zamani kilikuwa cha ubia wa General Motors na Toyota. Elon Musk akatangaza kwamba wanaingia katika jehanamu ya uzalishaji, na safari hii hakutia chumvi. Katika robo mwaka hiyo hiyo zilitoka Model 3 mia mbili na sitini, 260, kwa miezi mitatu! Walikuwa wamejaza roboti kila mahali, na roboti hizo zikawa ndizo zinazokwama. Aprili 2018 Musk mwenyewe alikiri kuwa walizidisha. Wakaishia kujenga hema kubwa kwenye uwanja wa kiwanda na kuweka mstari mwingine humo, na wiki ya mwisho ya Juni 2018 wakatoa Model 3 zipatazo 5,031. Kwa kasi hiyo foleni ya watu 325,000 ni wiki 65. Kutoka miaka sita na nusu hadi mwaka mmoja na robo si haba.

Hapa kuna jambo ambalo mwandishi yeyote wa programu atalipenda. Ile haikuwa foleni ya aliyetangulia ahudumiwe kwanza, ilikuwa foleni yenye vipaumbele. Wafanyakazi wa Tesla walitangulia, wakafuata waliokuwa na Tesla tayari, na walioko pwani ya magharibi wakahudumiwa kabla ya wengine. Kisha, la muhimu kuliko yote, matoleo ghali yakatengenezwa kwanza. Toleo la dola 35,000, lile lililowafanya watu wakeshe nje ya maduka, halikufunguliwa kwa wateja mpaka Februari 2019. Kwa hiyo mtu aliyekuja nyuma akiwa tayari kulipa zaidi angeweza kushangaa jinsi gari lake lilivyokuja upesi, na hakujua kwamba alikuwa amepita juu ya vichwa vya watu walioweka dola zao miaka mitatu kabla. Sioni ubaya wa kibiashara hapo. Lakini kuiita orodha ile foleni ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Septemba 2018 kikwazo kikahama. Magari yakawa yapo, sasa yanakosa njia ya kuwafikia wenyewe, Musk akasema wametoka jehanamu ya uzalishaji wakaingia jehanamu ya usafirishaji. Wateja wa zamani walijitolea kwenda kwenye vituo kuwafundisha wapya jinsi ya kutumia gari.

Baada ya hapo viwanda vikaongezeka. Cha Shanghai kiliwekwa jiwe la msingi Januari 2019, na tarehe 30 Desemba mwaka huo huo wafanyakazi 15 wakapewa funguo. Mwaka 2021 dunia nzima ikakumbwa na uhaba wa chipu, foleni zikarefuka tena kwa kampuni zote. Mwaka 2022 vikafunguliwa viwili kwa mpigo, Grünheide karibu na Berlin mwezi Machi na Austin huko Texas mwezi Aprili.

Halafu kuna wimbi. Kwa miaka mingi Tesla ilikuwa ikitengeneza magari ya kwenda mbali mwanzoni mwa kila robo mwaka, ili meli ziwahi, na ya karibu na kiwanda mwishoni. Unaweza kuona matokeo yake: mtu aliyeagiza wakati mwafaka wa robo mwaka, akiwa karibu na kiwanda, alipata gari upesi sana kuliko mwenzake aliyetangulia kwa mwezi mzima. Ongeza na uchache wa machaguo. Ukiwa na matoleo matatu, rangi tano, magurudumu aina mbili na viti aina mbili, jumla ni magari 60 tofauti tu. Ukiwa na maelfu ya magari uwanjani, uwezekano kwamba lile unalolitaka limekwisha tengenezwa ni mkubwa mno. Huna haja ya kutengenezewa lako, unatafutiwa linalofanana nalo, unapewa nambari yake ya chesisi, kwisha. Mteja anadhani kiwanda kimemfanyia haraka, kumbe gari lilikuwa pale kabla hajabofya.

Na uwanjani yalikuwapo. Katika robo ya tatu ya 2022 Tesla ilitengeneza magari 365,923 ikakabidhi 343,830. Kampuni ilieleza kwamba inalainisha lile wimbi, hivyo mengi yalikuwa bado njiani. Sawa, yawezekana. Robo iliyofuata ilitengeneza 439,701 ikakabidhi 405,278. Tofauti ni magari 34,423. Yaani sasa magari ndiyo yaliyopanga foleni, yakiwangoja watu.

Tarehe 6 Januari 2023 bei zikashuka China. Waliokuwa wamechukua magari yao wiki chache kabla wakajaa kwenye maduka ya Tesla, yakiwamo ya Shanghai na Chengdu, wakidai fidia. Wiki moja baadaye ikawa zamu ya Marekani na Ulaya. Model Y ya masafa marefu iliyokuwa dola 65,990 Marekani ikawa dola 52,990, na safari hii mnunuzi aliyetimiza masharti aliongezewa lile punguzo la kodi la dola 7,500. Sasa mkumbuke yule wa Desemba aliyeambiwa "njoo wiki hii" akaenda. Hata kama alipewa punguzo lote la mwisho wa mwaka, alikuwa amepitwa kwa dola 13,000. Mimi nasema ishara ilikuwa pale pale kwenye ukurasa wa kuagizia. Muda wa kungoja ukianguka kutoka miezi hadi siku, na hakuna aliyetangaza kiwanda kipya wiki hiyo, basi bei iko njiani kushuka.

Hali hiyo haikuishia hapo. Robo ya kwanza ya 2024 Tesla ilitengeneza magari 433,371 ikakabidhi 386,810, na mwaka huo wote ukawa wa kwanza kwa makabidhiano yake ya mwaka kupungua.

Nimeacha Cybertruck iwe ya mwisho kwa makusudi. Ilionyeshwa Novemba 2019 kwa bei ya kuanzia ya dola 39,900, na kuweka nafasi kulikuwa dola 100 tu, za kurudishwa. Oktoba 2023 Musk alisema nafasi zilizowekwa zimepita milioni moja. Ukizipigia hesabu ya Little unapata foleni ya miaka mingi. Magari ya kwanza yalikabidhiwa Novemba 2023, kwa bei za juu mno kuliko ile iliyoahidiwa, na kabla ya 2024 kwisha mtu ambaye hakuwahi kuweka nafasi yoyote aliweza kuagiza moja kwa moja na kuletewa. Machi 2025, kasoro ilipolazimu Cybertruck zote zilizotengenezwa hadi mwishoni mwa Februari kuitwa zirekebishwe, jumla yake ilitajwa. Zilikuwa 46,096.