Nyuso za Wazee Wetu: Namna ya Kujua Watu na Miaka katika Picha za Zamani



Halmashauri ya Yubile ilipotangaza katika mashirika yote kwamba kila jamaa ilete picha zake za zamani, zilikuja nyingi kushinda tulivyotazamia. Nyingine zilitoka katikati ya kurasa za kitabu cha nyimbo, nyingine katika makopo ya maziwa, nyingine zilikuwa zimefungwa katika plastiki, kwa kuwa zilikwisha vuka Ziwa Tanganika mara mbili: kwenda kambi za wakimbizi za upande wa Kigoma wakati wa vita vya 1996 na 1998, na kurudi pamoja na wenyewe. Tuliwashukuru wote. Lakini tulipozitandaza juu ya meza, tuliona kwamba karibu zote hazina jina wala mwaka.

Jambo hilo si dogo. Vitabu vyetu vya ubatizo na vya ndoa si kamili. Uasi wa 1964 na vita vilivyofuata vilipoteza kurasa ambazo hakuna mtu atakayeziandika tena. Kwa wazee wengine picha ndiyo ushuhuda pekee uliobaki kwamba walikuwako, kwamba walifundisha, kwamba walisimama mbele ya kanisa hili. Tukiandika jina la mtu chini ya uso wa mwingine, wajukuu watalisoma na kuliamini, na miaka hamsini ijayo hakuna atakayeweza kusahihisha. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza hapa namna tulivyofanya kazi.

Tukumbuke kwanza kwamba zamani mwenye kupiga picha alikuwa mgeni. Katika inchi yetu Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka wa 1885 mikononi mwa Kapiteni Storms, na picha za kwanza za wakristu wa pande hizi ni za misioni na za Leta. Aliyepiga aliandika majina ya wenzake. Wengine wote akawaita “wakristu”, “wanafunzi”, “wajenzi”. Ukimwona Kapiteni Joubert na ndevu zake ndefu, unajua kwamba picha haikupigwa baada ya 1927, mwaka wa kufa kwake. Ukimwona Monsenyeri Roelens, uko kati ya 1892 alipofika na 1947 alipofariki. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa daraja Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, ni mmoja wa watu weusi wachache wa wakati ule ambao jina lao liliandikwa pamoja na uso wao. Basi mara nyingi ni mzungu anayetupa mwaka, lakini si yeye tunayemtafuta.

Sasa tuseme juu ya karatasi yenyewe. Geuza picha kabla ya kuitazama. Karatasi nyingi zilizouzwa Kongo zilitoka Ubelgiji, katika kiwanda cha Gevaert, kilichoanzishwa mwaka wa 1894. Mwaka wa 1964 kiwanda hicho kiliungana na Agfa ya Ujerumani. Kwa hiyo, nyuma ya picha pakichapwa majina mawili pamoja, Agfa-Gevaert, karatasi hiyo haikutengenezwa kabla ya 1964. Muhuri wa duka la picha unaosema Elisabethville ni wa kabla ya mji kuitwa Lubumbashi mwaka wa 1966, isipokuwa kama mwenye duka alikuwa bahili na akaendelea kutumia muhuri wake wa zamani. Ukingo uliokatwa kama meno ya msumeno ni dalili ya miaka ya Wabelgiji mpaka karibu na Uhuru. Rangi zilizogeuka kuwa nyekundu, hata watu wote wakaonekana kama wamesimama mbele ya moto, kwa kawaida ni za miaka ya 1970.

Tazameni vilevile wino. Jamaa moja ilituletea picha yenye maneno “mwaka wa 1928” nyuma yake, na ilijivunia sana tarehe hiyo. Lakini maneno yaliandikwa kwa biki, na kalamu za namna hiyo zilianza kuuzwa baada ya vita vya pili vya dunia. Bic yenyewe ilitoka mwaka wa 1950. Hatusemi kwamba tarehe ni ya uongo. Twasema tu kwamba aliiandika mtu aliyekuwa akikumbuka, miaka ishirini au zaidi baadaye, na kukumbuka si sawasawa na kuona.

Mavazi yanasaidia sana, hasa kwa wakati wa Zaire. Wanaume wenye abakosti, bila kravati, ni watu wa baada ya 1972 hivi, mpaka tarehe 24 Aprili 1990, siku ile Rais Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja na kuruhusu kravati tena. Ukiona arusi yenye kravati kumi na mbili, ujue ni ya kabla ya siasa ya uhalisi au ya baada yake, wala si ya katikati. Kwa mama zetu ni kikwembe kinachosema. Chenye sura ya Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili hakikuvaliwa kabla ya 1980, mwaka wa safari yake ya kwanza kwetu. Lakini kikwembe kizuri hutunzwa sandukuni, na mama anaweza kukivaa miaka ishirini baadaye kwa arusi ya mjukuu wake. Kikwembe, basi, kinatuambia “si kabla ya”, hakituambii kamwe “si baada ya”.

Ndani ya kanisa twaweza kusoma Mtaguso wa Vatikano (1962–1965) kwa macho. Padri akiwapa watu mgongo mbele ya altare ya ukutani, tuko kwa kawaida kabla ya mageuzi. Akiwaelekea, tuko baada yake. Kuna tena alama ndogo ambayo vijana hawaijui: manipulo, kile kitambaa chembamba alichofunga padri kwenye mkono wa kushoto wakati wa Misa. Tangu 1967 manipulo haikulazimishwa tena, na upesi ikapotea. Kitambaa hicho ndicho kilichotatua neno gumu kushinda yote tuliyoyapata katika kazi hii.

Kulikuwa na picha moja ya makatekista kumi na mmoja pamoja na padri mwenye mavazi ya Misa, mbele ya mlango wa kanisa. Jamaa mbili zilidai kwamba mwalimu aliyesimama karibu na padri, mwenye kitabu, ni nkambo wao. Neno hili lilikuwa na uzito, kwa sababu aliyesimama mahali pale anahesabiwa na wote kuwa mkubwa wa walimu wa kwanza, na jina lake lilipaswa kuandikwa kwenye jiwe la Yubile. Maneno yakawa makali. Watu waliokuwa wakikaa benchi moja kanisani wakaacha kusalimiana.

Jamaa ya kwanza ilisema: nkambo wetu alianguka kutoka juu ya mchikichi, mkono wake wa kushoto ukavunjika na kupona vibaya, tazameni mkono uliopinda. Jamaa ya pili ikajibu kwa hoja mbili. Kwanza, mkono uliopinda katika picha ni wa kuume. Pili, karatasi ina chapa ya Agfa-Gevaert, na nkambo wenu alizikwa kabla ya Uhuru; wafu hawapigwi picha wakiwa wamesimama. Hoja zote mbili zilikuwa na nguvu, na hatuna budi kuwasifu kwa kugeuza karatasi.

Hata hivyo, karatasi inatoa mwaka wa kuchapwa kwa picha, haitoi mwaka wa kupigwa kwake. Filamu ya zamani inaweza kukaa katika bahasha miaka mingi, kisha padri mwingine akaipeleka mjini ichapwe upya. Basi chapa ya 1964 haimzuii mtu aliyekufa zamani kuonekana. Tena tulipotazama kwa kioo cha kukuza tuliona manipulo ya padri: ilikuwa kwenye mkono wa kuume. Hakuna padri aliyeivaa hivyo. Maana yake aliyechapa aliweka filamu upande usio wake, na picha nzima ikageuka kama katika kioo: kushoto kumekuwa kuume. Mkono uliopinda ni wa kushoto, kama jamaa ya kwanza ilivyosema. Tuliwaita wazee wa pande zote mbili, tukawaonyesha, nao walikubali. Mmoja wao alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama nkambo wake yumo miongoni mwa wale kumi waliobaki. Swali hilo hatujaweza kulijibu.

Baada ya mwaka huja jina, na jina lina mitego yake. Mtu akisema “huyu ni baba yetu”, umwulize: aliyekuzaa, au mdogo wake? Kwa desturi yetu wote ni baba, na haifai kumlaumu msemaji. Mtoto hupewa jina la nkambo wake, hivi jina moja hurudi kila kizazi cha pili. Zaidi ya hayo, mwaka wa 1972 majina ya kikristu yalikatazwa na serkali, na mtu aliyeandikwa Petro katika kitabu cha ubatizo akajulikana kazini kwa jina lingine kabisa. Wengine hawakulirudia la kwanza hata leo. Tumwangalie Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na kutangazwa mwenye heri tarehe 15 Agosti 1985. Wazazi walimwita Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake, likaandikwa kwake kwa kosa alipoingia shuleni. Kwa ubatizo ni Alfonsina, kwa utawa Maria Klementina. Kama haya yalimpata mtu anayejulikana na Eklezia nzima, tusistaajabu kwa katekista wa kijijini.

Kwa hiyo tuliwaomba watu wasiulizwe mbele ya wengine. Mama mzee akionyeshwa picha pamoja na binamu zake, atakubali jina la aliyesema kwa nguvu kwanza. Akiulizwa peke yake, polepole, mchana penye mwanga, hutaja mambo ambayo hakuna aliyemwuliza: kiti hiki kilikuwa cha fulani, huyu alikuwa kiziwi, huyu aliazima koti kwa shemeji yake. Jina lililotajwa na watu wawili ambao hawakusikizana tumeliandika bila alama; lililotajwa na mmoja tu lina alama ya kuuliza.

Picha ya makatekista imechapwa katika kitabu hiki ikiwa imegeuzwa sawasawa. Majina manne yamo chini yake, na mahali saba pameachwa wazi. Mwenye kujua lolote aje ofisini kwa parokia Jumapili baada ya Misa ya kwanza. Tunamtafuta hasa yule kijana wa mwisho upande wa kushoto, mwenye kofia mkononi, ambaye anaonekana pia katika picha nyingine tatu.