Mfumo Umehama, Jina Limebaki

Miongoni mwa istilahi za kompyuta, zinazomtatiza mfasiri zaidi ni zile ambazo maana yake ya asili imekwisha kutoweka. Mfano mmoja ni jina usr, linalokutwa katika mifumo endeshi ya ukoo wa Unix, ukoo unaoendesha seva nyingi za leo. Jina hilo lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mtumiaji, lakini saraka inayoitwa hivyo haihifadhi tena mafaili ya watumiaji. Ili kujua sababu, hatuna budi kuifuata safari ya mfumo huo kutoka diski hadi diski.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, New Jersey, Marekani, Ken Thompson alipoitunga kwa kompyuta ya PDP-7. Mwaka 1970 ilifika kompyuta mpya ya PDP-11, lakini diski yake haikuwasili mpaka Desemba. Mwenzake Thompson, Dennis Ritchie, ameeleza kwamba wakati wa kungoja mashine ilikaa pembeni ikihesabu njia ambazo farasi wa sataranji aweza kuzunguka ubao wa miraba 6 kwa 8 na kurudi alikoanzia. Kazi ya miezi mitatu. Diski ilipofika, mfumo ulikamilishwa upesi. Nafasi yake ilikuwa kilobaiti 512 tu.

Nafasi hiyo haikutosha kwa muda mrefu. Mafaili ya watumiaji yaliwekwa katika diski nyingine, chini ya jina usr, na programu zilizokosa mahali katika diski ya kwanza zikapelekwa huko huko. Programu za kuiamsha mashine na kuiunganisha diski ya pili ilibidi zibaki katika ile ya kwanza, maana ufunguo haufai kufungiwa ndani ya nyumba. Baadaye watumiaji walipewa mahali pengine. Wageni wakabaki na nyumba pamoja na jina la wenyeji. Mfumo wa Fedora mwaka 2012, na Debian toleo la 12 mwaka 2023, ilikamilisha safari hiyo kwa kuzikusanya ndani ya usr hata zile programu zilizokuwa zimebakizwa nje.

Jambo hili si geni kwetu. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wameondoka, soko limekuja, na hakuna anayedai jina libadilishwe.

Basi mfasiri wa mwongozo wa kuhamishia mfumo kwenye diski mpya asiandike "saraka ya watumiaji" mahali pa usr. Msomaji atadhani humo mna barua za watu, aiache nyuma, na mashine isiamke. Yafaa jina libaki kama lilivyo, na kazi yake ielezwe. Vilevile tutenganishe kunakili na kuhamisha. Anayenakili amemaliza mafaili yanapoonekana pande mbili; anayehamisha hamalizi mpaka mashine iamke kutoka diski mpya bila kuitegemea ya zamani. Istilahi nayo hupimwa vivyo hivyo: kwa kazi inayofanya leo, si kwa mahali ilipozaliwa.